Pointi Tatu za Norisring

Jumapili ya tarehe 10 Oktoba 2021, magari yalipokuwa yakijipanga kwa mbio za mwisho za msimu wa DTM mjini Nürnberg, hesabu ya ubingwa ilikuwa imekaa hivi. Liam Lawson, kijana wa miaka 19 kutoka New Zealand, alikuwa na pointi 227. Maximilian Götz, Mjerumani wa miaka 35, alikuwa na 205. Katikati yao, akimzidi Götz kidogo tu, alikuwepo Kelvin van der Linde wa Afrika Kusini. Mshindi wa mbio hupata pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15, na kuendelea hivyo hadi pointi moja ya mtu wa kumi.

Ukizipiga hesabu hizo unaona jinsi mlango ulivyokuwa mwembamba kwa Götz. Lawson hakuhitaji kupanda jukwaani. Nafasi ya sita ingemtosha, hata wenzake wafanye nini. Götz alihitaji ushindi, na ushindi peke yake: akifika wa pili angeishia 223 na habari yake ingekuwa imekwisha. Halafu, baada ya kushinda, ilibidi Lawson asimalize juu ya nafasi ya tisa. Lawson ndiye aliyekuwa anaanza mbele ya wote, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa ameweka muda bora kuliko dereva yeyote, na tatu kati ya hizo pointi 227 alizipata hapo hapo.

Jioni Götz alikuwa bingwa. Pointi 230 kwa 227.

Jinsi ilivyotokea ni hadithi inayoanza mbali kidogo na kona ya kwanza.

DTM ni mashindano ya Wajerumani ya magari ya abiria yaliyogeuzwa kuwa ya mbio. Yalianza mwaka 1984, na tangu mwanzo yalikuwa na tabia zake. Bingwa wa kwanza, Volker Strycek, alichukua taji akiendesha BMW 635 CSi bila kushinda hata mbio moja msimu mzima. Alikusanya pointi kidogo kidogo wenzake walipokuwa wakigombania nafasi za mbele. Wajerumani wengi waliyapenda kwa sababu magari yalifanana na yale waliyoyaona barabarani: Mercedes 190, BMW M3, Audi V8. Jirani yako aliweza kwenda kazini Jumatatu na gari lililokuwa ndugu moja na lile lililoshinda Jumapili. Wenye viwanda waliyapenda kwa sababu hiyo hiyo.

Na hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Kila viwanda vilipozidi kupenda, ndivyo vilivyozidi kumwaga fedha, na vilipozidi kumwaga fedha ndivyo magari yalivyozidi kuacha kufanana na ya barabarani. Kufikia mwaka 1996 gharama zilikuwa zimepanda mno, Alfa Romeo na Opel wakaondoka, na mashindano yakafa. Yalifufuliwa mwaka 2000. Opel ikaondoka tena baada ya 2005, na kwa miaka sita ikawa Audi dhidi ya Mercedes, wawili wenyewe kwa wenyewe, hadi BMW iliporudi mwaka 2012 baada ya kukaa nje miaka ishirini.

Penye wakubwa wachache, dereva hujikuta mtumishi kabla ya kuwa mshindani. Mwaka 2007 huko Barcelona, baada ya magari yake kugongwa na ya Mercedes, Audi iliyaita gereji magari yake yote mbio zikiwa zinaendelea, ikafunga virago. Mwaka 2015 huko Spielberg, Austria, mkuu wa michezo wa Audi, Wolfgang Ullrich, alisikika redioni akitoa amri kwa Kijerumani: msukume nje. Dereva wake Timo Scheider akamgonga Robert Wickens wa Mercedes, naye Wickens akamwangukia mwenzake Pascal Wehrlein, na Mercedes zote mbili zikaishia kwenye changarawe. Audi ilitozwa faini ya euro 200,000. Wehrlein akawa bingwa hata hivyo, lakini kila aliyekuwa na televisheni alikuwa amesikia jinsi mambo yanavyopangwa.

Mercedes ilijiondoa mwisho wa 2018. Aston Martin waliokuja kuziba pengo walikaa msimu mmoja. Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, Audi nayo ikatangaza kwamba msimu huo ungekuwa wake wa mwisho. Ikabaki BMW peke yake, na huwezi kuendesha ligi ya timu moja.

Aliyekuwa na mzigo huo mikononi ni Gerhard Berger, Mwaustria aliyewahi kuendesha Ferrari na McLaren katika Formula One na kushinda mbio kumi za huko. Tangu 2017 alikuwa mwenyekiti wa ITR, kampuni iliyomiliki DTM. Watu wengi walishaanza kuandika tanzia. Berger akafanya jambo ambalo wapenzi wa zamani walilipokea kwa kinyongo: aliachana na magari ya viwanda yaliyotengenezwa kwa ajili ya DTM peke yake, akachukua magari ya daraja la GT3.

GT3 ni gari la mbio linalouzwa. Timu binafsi yenye fedha inakwenda kwa Ferrari, Mercedes, Audi au Lamborghini, inanunua gari likiwa tayari, inaajiri mafundi na dereva, inashindana. Magari yenyewe hayafanani hata kidogo. Ferrari 488 ina injini ya V8 ya lita 3.9 yenye tabo mbili, imekaa nyuma ya dereva. Mercedes-AMG imebeba V8 ya lita 6.2 isiyo na tabo, nayo iko mbele. Audi R8 ina silinda kumi. Ukiyaachia yalivyo, moja litayaacha mengine kwenye njia nyoofu na lingine litayala kwenye kona. Kwa hiyo huwekwa mizani: hili linaongezewa uzito, lile linabanwa pumzi ya injini, jingine linainuliwa kidogo kutoka chini. Berger aliikabidhi kazi hiyo kampuni ya wahandisi ya AVL ya Graz, nchini Austria.

Hoja yake ilikuwa wazi. Timu sasa ni za wateja, si za viwanda, hivyo mkono wa kiwanda umekatwa. Msimu wa 2021 ulikuwa wa kwanza kwa mpango huo. Kwa sehemu kubwa ulimpa haki Berger. Nembo ziliongezeka, washindi wakawa wengi, na hakuna aliyejua Ijumaa nani atashinda Jumapili.

Lawson aliingia kama mgeni. Red Bull ndio waliokuwa wakimlea, na walimpeleka DTM mwaka huo huo alipokuwa akishindana katika Formula 2, ili azidi kuiva. Timu ilikuwa AF Corse ya Italia, gari Ferrari, na mwenzake alikuwa Alex Albon, Mthailandi aliyekuwa amepoteza kiti chake cha Formula One mwaka uliotangulia. Macho yote yalikuwa kwa Albon. Mwezi Juni, huko Monza, katika mbio yake ya kwanza kabisa ya DTM, Lawson akashinda. Septemba alikwenda Red Bull Ring akashinda zote mbili, ya Jumamosi na ya Jumapili. Angechukua ubingwa angekuwa bingwa mdogo kuliko wote katika historia ya DTM. Aliyeshika rekodi hiyo ni yule yule Wehrlein, aliyelipata taji akiwa na miaka 20.

Van der Linde ni mtoto wa nyumba ya mbio. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1996. Babu yake Hennie aliendesha, baba yake Shaun aliendesha, ami yake Etienne aliendesha, na mdogo wake Sheldon alikuwa humo humo DTM akiwa na BMW. Kelvin alihamia Ujerumani akiwa kijana, akatwaa taji la magari ya GT ya nchi hiyo akiwa na miaka 18, na mwaka 2017 alikuwa mmoja wa washindi wa mbio za saa 24 za Nürburgring. Gari la GT3 alilijua kama alivyojua chumba chake. Akiwa na Audi ya timu ya Abt, alikuwa mbele ya msimamo katika miezi ya kiangazi, kabla Lawson hajamfikia na kumpita.

Götz alikuwa wa tatu katika mazungumzo, na mara nyingi hakuwamo kabisa. Anatoka Uffenheim, mji mdogo wa Bavaria ambao kwa gari si mbali na Nürnberg. Alikuwa amewahi kuingia DTM mwaka 2015 na 2016 akiwa na Mercedes, hakutikisa, akaachwa. Akarudi kwenye magari ya GT alikokuwa ameshajipatia heshima: mwaka 2013 alishinda saa 24 za Spa pamoja na Bernd Schneider na Maximilian Buhk. Mabadiliko ya Berger yalimrudisha, kwa kuwa sasa DTM ilihitaji watu wa GT. Timu yake iliitwa HRT, gari Mercedes. Msimu mzima alikusanya pointi bila makelele. Ni aina ya dereva ambaye ukisoma matokeo unakuta jina lake nafasi ya nne, unageuza ukurasa.

Kwa kawaida DTM humaliza msimu Hockenheim. Norisring huwa mwezi wa Juni au Julai, sikukuu ya kiangazi ya Nürnberg. Korona ilivuruga ratiba, na msimu wa 2021 ukamalizikia hapo.

Mahali penyewe panataka kuelezwa. Norisring si uwanja uliojengwa kwa ajili ya mbio. Ni barabara zinazozunguka jukwaa kubwa la mawe ambalo Albert Speer alilichora kwa ajili ya mikutano ya chama cha Hitler katika miaka ya 1930. Aprili 1945 wanajeshi wa Marekani walioikamata Nürnberg walilipua alama ya msalaba wa Kinazi iliyokuwa juu yake. Mwaka 1967 nguzo zilizobaki zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa zimechakaa na kuwa hatari. Miaka miwili tu baada ya vita, mwaka 1947, pikipiki zilikuwa tayari zinashindana hapo. Leo mtazamaji anakaa kwenye ngazi zile zile, anakula soseji, anapiga makofi. Wajerumani wamejadiliana sana kuhusu jambo hilo na bado hawajamaliza. Mahali hapa pana pia kaburi la kimichezo: Julai 1971 Pedro Rodríguez wa Mexico, mmoja wa madereva bora wa zama zake, alikufa hapo ndani ya Ferrari 512.

Mzunguko ni wa kilometa 2.3, mfupi kuliko wote katika ratiba. Una njia mbili nyoofu, kona mbili za kugeuka nyuma kabisa, na kona za nyoka katikati. Hauna changarawe ya kukuokoa. Kuna vyuma na ukuta. Gari linakwenda zaidi ya kilometa 200 kwa saa mbele ya jukwaa la mawe, halafu dereva anakanyaga breki kwa nguvu zake zote na kushuka hadi mwendo wa gari la mjini ili ageuke kwenye kona inayoitwa Grundig. Kwa kuwa mzunguko ni mfupi, tofauti kati ya gari la kwanza na la kumi katika mazoezi huwa ni sehemu ndogo ya sekunde. Kupita ni kwa kuchomekea tu: unakwenda ndani, unachelewesha breki, unamwachia mwenzako aamue kama anataka ajali.

Jumamosi Götz alishinda. Ushindi huo ndio uliompandisha hadi 205 na kumrudisha katika hesabu. Lawson, aliyemaliza Jumamosi akiwa na 224, aliongeza tatu zake za Jumapili asubuhi, na nadhani hapo hata watu wa Mercedes walianza kujifariji kwa nafasi ya tatu katika msimamo.

DTM huanza kwa magari kutembea pamoja, mawili mawili, hadi taa zinapobadilika. Hayasimami mstarini. Kundi lote linafika kona ya kwanza likiwa limebanana, na Norisring kona ya kwanza ni Grundig.

Lawson alitoka vizuri. Alikuwa mbele, alikuwa na njia yake, na alifunga breki mahali pa kufungia breki. Van der Linde alichelewa kufunga. Aliingia kwa ndani na Audi yake kwa mwendo ambao kona ile haina uwezo wa kuumeza, akateleza, akamvaa Lawson ubavuni. Ferrari ikasukumwa nje. Nyuma yao magari yakatawanyika, kila moja likitafuta pa kupitia, na ilipotulia, kiongozi wa ubingwa alikuwa amerudi nyuma na gari lililopinda.

Nimeitazama picha ile mara nyingi. Wapo wanaosema van der Linde alimlenga. Sioni hivyo. Ninachokiona ni mtu ambaye alijua kwamba Lawson akitoka mbele kwenye kona ile msimu umekwisha, kwa hiyo aliamua kuimaliza kazi ya mbio nzima katika sekunde kumi za mwanzo. Kisheria hiyo si nia mbaya, ni uzembe. Kwa Lawson tofauti hiyo haikuwa na maana yoyote. Waamuzi walimwadhibu van der Linde, na ndoto yake ya ubingwa nayo ikafa siku hiyo hiyo. Mpigaji na mpigwa walitoka mikono mitupu.

Mafundi wa AF Corse hawakukata tamaa haraka. Ferrari iliingia gereji, ikashughulikiwa, ikarudishwa barabarani ikiwa imepitwa mizunguko kadhaa. Kimahesabu bado kulikuwa na sababu ya kuendelea, kwa maana nafasi ya nane ingempa Lawson ubingwa hata kama Götz angeshinda. Kwenye mbio za barabarani, magari mengine huvunjika. Lakini siku hiyo hayakuvunjika ya kutosha, na gari lenyewe halikuwa na mwendo. Kwa karibu saa nzima kijana yule aliendesha akijua kwamba matumaini yake yote yapo kwenye mikono ya watu wengine. Asishinde Götz, basi.

Na kwa muda mrefu Götz hakuwa anashinda.

Huu ndio moyo wa hadithi. Mbele yake kulikuwa na Mercedes mbili, zote za timu ya Winward: ya Philip Ellis na ya Lucas Auer. Winward si HRT. Ni timu nyingine, ina mmiliki mwingine, mafundi wengine, wadhamini wengine. Kwa mujibu wa falsafa ya DTM mpya, Ellis na Auer walikuwa wapinzani wa Götz sawasawa na walivyokuwa wapinzani wa Ferrari na Audi. Kilichowaunganisha ni nyota moja kwenye boneti.

Katika mizunguko ya mwisho, Mercedes hizo zilimpisha. Hapakuwa na kujificha. Kupishana kwa namna ile hakuhitaji mtaalamu kukueleza. Gari la mbele linaachia mafuta mahali ambapo hakuna anayeachia mafuta, la nyuma linapita kwa nafasi ambayo dakika tano kabla lisingepewa hata robo yake. Ellis akampisha, Auer akampisha, na Götz akavuka mstari akiwa wa kwanza. Pointi 25, na 205 ikawa 230.

Mtu anaweza kuuliza kosa liko wapi. Kanuni za msimu ule hazikukataza. Auer na Ellis hawakuwa na ubingwa wa kupigania siku hiyo, na nembo moja kusaidiana ni jambo la zamani kuliko DTM yenyewe. Mercedes ingefanya nini, iutazame ubingwa ukienda kwa Ferrari kwa sababu ya adabu? Hoja hizo zote ni za kweli. Mimi ningekuwa kwenye kiti cha mkuu wa Mercedes ningetoa amri hiyo hiyo, na ningelala usingizi.

Tatizo ni la Berger. Alikuwa ameuza mageuzi yake kwa ahadi kwamba zama za viwanda kupanga matokeo zimepita. Msimu mzima ulikwenda vizuri, watazamaji wakaanza kumwamini, halafu katika mbio ya mwisho, mbele ya kamera zote, timu mbili zinazojiita huru zikageuka kuwa timu moja. Ukaonekana ukweli ambao kila mfanyabiashara wa magari anaujua: mteja anayenunua gari la mbio kwa kampuni hununua pia vipuri, wahandisi, programu za kompyuta, na mara nyingi dereva anayelipwa mshahara na kampuni hiyo hiyo. Mkono wa kiwanda haukukatwa, uliingizwa mfukoni tu.

Kilichoongeza chumvi ni undugu. Lucas Auer ni mtoto wa dada yake Berger. Mjomba ndiye aliyeandika mashindano upya ili madereva wawe huru, na mpwa wake akawa mmoja wa wawili walioachia njia kwa amri. Auer mwenyewe alikuwa na haki ya kushinda siku hiyo. Alikuwa na mwendo, alikuwa na nafasi, na ushindi wa Norisring ni kitu ambacho dereva hukitaja mpaka anazeeka. Aliutoa. Sijui kama kuna aliyemshukuru ipasavyo nje ya gereji la HRT.

Lawson hakujizuia baadaye. Mbele ya vyombo vya habari alimshutumu van der Linde kwa kuendesha kusiko kwa kiungwana, na kwa umri wake hakuna aliyeweza kumlaumu kwa hasira. Berger naye alionyesha wazi kwamba mwisho ule haukumfurahisha. Mitandaoni watu waligawanyika kama kawaida: wengine wanamlaani Mwafrika Kusini, wengine wanailaani Mercedes, wachache wanamkumbuka Götz.

Na Götz anastahili kukumbukwa. Katika kelele za siku ile lilisahaulika jambo moja: alikuwa amekaa karibu vya kutosha. Mizunguko ya mwisho ya kupishwa inakuwa na maana kwa mtu aliyejiweka mahali pa kupishwa. Walikuwapo madereva wenye kasi kumzidi ambao kufikia Oktoba hawakuwa na hesabu yoyote ya kupiga, kwa sababu mwezi wa Julai walivunja gari, Agosti wakapewa adhabu, Septemba wakachagua tairi vibaya. Yeye alikuwa ameokota nafasi ya nne hapa, ya tatu pale, akasubiri. Nürnberg nzima ilikuwa inajua anatoka wapi, na shangwe iliyopigwa pale haikuwa ya mtu aliyeiba. Miaka mitano baada ya kuachwa na DTM, fundi huyu wa magari ya GT alikuwa bingwa wake, umbali mfupi kutoka nyumbani.

Ukiniuliza nani alikuwa dereva bora wa msimu ule, nitajibu Lawson bila kufikiri mara mbili. Ukiniuliza nani bingwa halali, nitajibu Götz, vilevile bila kufikiri mara mbili. Majibu hayo mawili hayagombani. Ubingwa hutolewa kwa pointi, na pointi hazijali zimetoka wapi. Strycek alilithibitisha hilo mwaka 1984. Aliyeharibu siku ni van der Linde, na aliyeacha mlango wazi kwa viwanda ni mwandishi wa kanuni.

Kanuni zilibadilishwa. Kuanzia msimu wa 2022 amri za timu zilipigwa marufuku katika DTM, na hakuna aliyehitaji kuelezwa marufuku hiyo ilizaliwa wapi. Berger mwenyewe hakukaa sana baada ya hapo: mwisho wa 2022 ITR ilifunga milango, na DTM ikachukuliwa na ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani. Lawson aliingia Formula One Agosti 2023 huko Zandvoort, akiziba nafasi ya Daniel Ricciardo aliyevunjika mkono.

Tarehe 9 Oktoba 2022, msimu wa kwanza chini ya kanuni mpya ulipomalizika Hockenheim, aliyekuwa akimfukuza kiongozi ni Lucas Auer, na safari hii hakuwa na amri ya kumpisha mtu. Hakumfikia. Ubingwa ulikwenda Afrika Kusini kwa mara ya kwanza, kwenye nyumba ile ile ya van der Linde, lakini kwa Sheldon, mdogo wake Kelvin.